Kubadili mtambo wa kutafuta, kwenye simu ya mchimbaji na kompyuta ya steshenari

Mchimbaji aliyepitisha mawe yake karashani, akaosha, akachoma na kubaki na kipande cha gramu kadhaa na pointi zake, huwa na swali moja kabla hajaonana na mnunuzi: leo dhahabu ni bei gani? Zamani swali hilo lilikwenda kwa dalali, na dalali alijibu alivyotaka. Siku hizi linaandikwa kwenye simu. Katoro, Nyarugusu, Rwamagasa, Kakola au Kahama mjini, kidole kinagusa kisanduku cha juu ya kioo, maneno mawili matatu yanaandikwa, jibu linakuja.

Wengi hawajawahi kujiuliza ni nani anayejibu. Kisanduku hicho ni mlango tu, na nyuma yake kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za intaneti: Chrome, Opera Mini, Firefox, au Phoenix inayokuja ndani ya simu za Tecno, Infinix na itel. Cha pili ni mtambo wa kutafuta, ile huduma inayopokea swali lako na kukupangia majibu: Google, Bing, Yahoo, DuckDuckGo, Ecosia na wengineo. Mchanganyiko unatokana na Google kumiliki vyote viwili, Chrome na mtambo. Lakini Chrome inaweza kabisa kutafuta kwa Bing, na Firefox ikatafuta kwa Google. Ukibadili mtambo, kivinjari chako kinabaki kama kilivyo, na kurasa ulizohifadhi na nywila zako hazipotei.

Mtambo ulioukuta kwenye simu ulichaguliwa kabla simu haijafika dukani, na mara nyingi kwa mkataba wa fedha. Kiasi cha fedha hizo kilijulikana hadharani katika kesi ambayo serikali ya Marekani iliifungulia Google, iliyoanza kusikilizwa Washington Septemba 2023. Mahakama ilielezwa kwamba mwaka 2021 peke yake Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo-msingi kwenye simu na vivinjari vya watu wengine, Apple ikichukua fungu kubwa. Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba kampuni hiyo ilikuwa imevunja sheria ya ushindani. Ulaya walikuwa wametangulia: Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, na leo mtu akiwasha simu mpya ya Android Ujerumani au Ufaransa, simu yenyewe inamwuliza anataka mtambo gani. Simu iliyonunuliwa Kahama haimwulizi mtu kitu.

Hakuna anayetoa mabilioni hayo kwa bahati mbaya. Wanalipa kwa sababu wanajua binadamu akikuta kitu kimeshawekwa, hakigusi. Wewe unaweza kukigusa, tena bila kulipa na bila fundi.

Kuhusu kubadili au kutobadili, mimi sina ugomvi na Google. Kwa maswali ya Kiswahili, hasa ya mambo ya hapa kwetu, kwa maoni yangu bado iko mbele ya wenzake: ukiuliza ilipo ofisi fulani Shinyanga, au unatafuta taarifa iliyoandikwa kwa Kiswahili tu, utaona tofauti. Sababu nzuri za kuhama ni nyingine. Kuna asiyetaka maswali yake yawekwe kwenye kumbukumbu ya akaunti yake. DuckDuckGo, iliyoanzishwa 2008, imejijengea jina kwa kuahidi kwamba haimwekei mtu historia ya utafutaji. Kuna anayependa Ecosia ya Berlin kwa sababu sehemu ya mapato yake hutumika kupanda miti. Kuna anayetaka tu jibu la pili, kama mgonjwa anavyokwenda kwa daktari mwingine. Na kuna kundi kubwa, nitalifikia, ambalo halitaki kuhama popote. Linataka kurudi, kwa sababu mtambo wake umebadilishwa na mtu mwingine.

Kabla ya kuchagua, jua kwamba majina ni mengi kuliko mitambo. Yahoo kwa miaka mingi imekuwa ikipewa majibu na Bing. DuckDuckGo nayo huchukua viungo vyake vingi huko huko Bing, na Startpage huleta majibu ya Google baada ya kuficha wewe ni nani. Ni kama makarasha yaliyopangana pembeni ya barabara ya machimboni: kila moja lina mwenyewe na bei yake, lakini mawe yanatoka kwenye duara moja. Kwa hiyo ukihama kutoka Yahoo kwenda Bing ukitegemea majibu mapya, utachoka bure.

Kwenye simu

Simu nyingi za huku ni za Android na zina Chrome. Fungua Chrome, gusa nukta tatu zilizosimama juu kulia, chagua Settings, kisha Search engine. Kama simu umeiweka kwa Kiswahili, tafuta Mipangilio, halafu Mtambo wa kutafuta. Orodha fupi ya majina itatokea. Gusa unalolitaka na urudi nyuma. Umemaliza. Ukiona mtambo unaoutaka haumo, usihangaike: nenda kwenye tovuti ya mtambo huo, tafuta kitu chochote pale, kisha rudi kwenye orodha. Mara nyingi utaukuta umeongezwa chini, kwenye kundi la tovuti ulizotembelea karibuni.

Firefox ni nukta tatu, Settings, Search, kisha Default search engine. Kwenye kivinjari cha Samsung bonyeza mistari mitatu ya chini, ingia Settings na utafute palipotajwa search engine. Opera Mini, ambayo bado inapendwa kwa kubana bando, ina alama ya kufungulia menyu pale chini. Ingia kwenye gurudumu la mipangilio na utafute mstari unaotaja mtambo wa kutafuta. Phoenix na vivinjari vingine vilivyokuja na simu hubadilika sura kila toleo, kwa hiyo sitakudanganya kwa kukupangia hatua. Ingia kwenye mipangilio yake uangalie. Ukikosa, njia rahisi ni kuweka Chrome au Firefox kutoka Play Store, kisha kwenye mipangilio ya simu yenyewe ufungue Apps, Default apps, Browser app, na kukifanya hicho kuwa kivinjari chako cha kila siku. Mwenye iPhone anaanzia kwenye Settings ya simu: Apps, Safari, Search Engine. Kwenye iPhone za matoleo ya nyuma, Safari iko moja kwa moja ndani ya Settings.

Jambo moja huwachanganya watu wengi. Ule upau wa Google unaokaa kwenye uso wa simu haumo ndani ya Chrome. Ni wa programu ya Google yenyewe, na ukibadili mtambo ndani ya Chrome wenyewe hauna habari. Utaendelea kutafuta kwa Google. Kama hutaki, ubonyeze kwa muda mrefu na uuondoe, halafu weka wa mtambo wako, kwa kuwa Firefox na DuckDuckGo nazo zina pau za aina hiyo.

Jaribu kwa bei ya dhahabu

Mtambo mpya usiupime kwa sifa. Upime kwa swali ambalo unaweza kulihakiki. Kwa watu wa ukanda huu swali hilo lipo tayari, na lina mtego ambao mitambo mingi huuingia.

Bei ya dhahabu duniani hutajwa kwa dola kwa wakia. Wakia inayopimia dhahabu ina gramu 31.1. Lakini ukiandika kwenye mtambo kwamba unataka kujua wakia moja, yaani ounce, ina gramu ngapi, mingi itakujibu 28.35, kwa sababu hiyo ndiyo wakia ya kupimia vyakula na vifurushi. Mtu anayegawa bei ya dunia kwa 28.35 hupata bei ya gramu iliyo juu kuliko ilivyo kweli, kwa karibu asilimia 10, kisha anakwenda sokoni akiamini mnunuzi anamwibia. Andika troy ounce, au kumbuka tu 31.1.

Chukua mfano wa namba za kufundishia. Tuseme wakia ni dola 3,110. Gawa kwa 31.1, gramu ya dhahabu safi ni dola 100. Kipande chako kikipimwa na kuonekana kina usafi wa asilimia 90, gramu yako ni dola 90. Zidisha kwa kiwango cha kubadilisha dola kwa shilingi cha siku hiyo na utakuwa na kianzio cha mazungumzo. Ni kianzio tu: tozo za serikali ziko juu ya hapo, na Tume ya Madini hutoa bei elekezi ambazo ndizo zinazotumika kwenye masoko ya madini, kama Soko Kuu la Dhahabu la Geita lililofunguliwa 2019. Mtambo wowote unaokuonyesha bei, angalia ni ya saa ngapi na ya fedha gani. Kuna kurasa zinazoonyesha bei ya wiki iliyopita kana kwamba ni ya leo, na kuna zinazoonyesha kwa faranga au rupia na mtu akasoma dola.

Swali la pili la kujaribia ni la serikali: leseni ndogo ya uchimbaji. Angalia majibu ya juu kabisa. Yale yenye neno Sponsored yamelipiwa yakae pale. Hayakushinda kwa ubora. Google na Bing zote zina biashara hiyo, na DuckDuckGo pia huonyesha matangazo. Kubadili mtambo hakukutoi kwenye matangazo ya kulipia, kunabadili tu nani anayeyauza. Anayetaka kukutapeli kwa jina la leseni, ajira au mkopo wa chuo anaweza kulipia nafasi ya juu kama mfanyabiashara mwingine yeyote.

Kinachokusaidia zaidi ya jina la mtambo ni kusoma anwani. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz: ndivyo ilivyo kwa Tume ya Madini, NIDA, BRELA, NECTA na HESLB. Soma mwisho wa jina, pale kabla ya mkwaju wa kwanza, kwa kuwa mtu anaweza kuandika nida.go.tz katikati ya anwani ndefu inayoishia kwingine kabisa. Unaweza pia kuuambia mtambo ukuletee za serikali tu. Baada ya swali lako ongeza site:go.tz bila nafasi baada ya nukta mbili, hivi: leseni ya uchimbaji mdogo site:go.tz. Inafanya kazi Google, Bing na DuckDuckGo. Blogu zinazonakili matokeo ya kidato cha nne ili zipate wasomaji wa matangazo zitatoweka zote kwa pigo moja.

Na malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, ile inayoitwa kontroo namba kwenye kila kaunta. Ukurasa ukikuambia utume ada ya leseni kwenye namba ya simu ya mtu, ufunge. Hata ungeletwa na mtambo gani.

Kompyuta za steshenari

Hapa ndipo penye kazi. Steshenari ya Katoro au Kahama ndiyo ofisi ya intaneti ya watu wengi: hapo ndipo fomu za ajira zinapojazwa, cheti kinapochapwa, matokeo yanapoangaliwa. Kompyuta moja inapita mikononi mwa watu wengi kwa siku, flashi za kila aina zinachomekwa, na kila anayekosa programu fulani anaipakua bure kutoka kokote. Programu hizo za bure nyingi huja na abiria. Zamani walijulikana kwa majina: Babylon, Conduit, Ask Toolbar. Siku hizi huja kama viongezo vya kivinjari vyenye majina ya kawaida kabisa, vya kubadili PDF au kupakua video. Kazi yake ni moja: kukuondolea mtambo wako na kuweka wake, kisha kila swali lako kulipitisha kwenye anwani isiyojulikana kabla ya kulitupa kwenye Yahoo au Bing. Mwenye kiongezo analipwa kwa kila swali. Bing na Yahoo hazijaingia kwenye kompyuta yako kuiba. Zimegeuzwa kituo cha mwisho tu.

Dalili ni rahisi. Unaandika swali, anwani inabadilika mara mbili tatu kabla ya majibu kutokea. Matangazo yanaruka penye tovuti ambayo haikuwa nayo. Unarudisha Google, ukizima kompyuta na kuiwasha, yule mwingine amerudi.

Kurudisha mtambo peke yake hakutibu hilo. Anza na viongezo: kwenye Chrome bonyeza nukta tatu, Extensions, Manage extensions, na uondoe kila ambacho huwezi kueleza kinafanya nini. Usikionee huruma kwa sababu hujui nani alikiweka. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kukitoa. Kisha ingia kwenye orodha ya programu za Windows na uondoe zile zilizoingia siku tatizo lilipoanza, ukipanga orodha kwa tarehe. Halafu rudi Chrome, Settings, Reset settings, na uchague kurejesha mipangilio ya awali. Hatua hiyo haifuti nywila wala kurasa ulizohifadhi, ila huzima viongezo vyote na kurudisha mtambo wa kutafuta. Malizia kwa kuipitisha kompyuta kwenye Microsoft Defender, ambayo imo ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo.

Kama Chrome inaonyesha kwamba inasimamiwa na shirika, Managed by your organization, na kompyuta ni ya dukani kwako na si ya kampuni ya mgodi wala halmashauri, kuna kitu kimejipachika mle ndani na huenda kikahitaji fundi. Kompyuta ya mwajiri ni habari nyingine: hapo mtambo unaweza kuwa umefungwa kwa makusudi na watu wa TEHAMA, na njia sahihi ni kuwauliza.

Kompyuta yenye Windows 7, na bado zipo, ina tatizo kubwa kuliko mtambo. Chrome iliacha kuihudumia mwaka 2023. Toleo 109 ndilo la mwisho linaloingia humo. Utaisafisha leo na mlango utabaki wazi.

Mwenye steshenari aliye na dakika kumi anaweza kujitengenezea kitu kitakachompunguzia maswali ya wateja. Kwenye Chrome ya kompyuta fungua Settings, Search engine, Manage search engines and site search. Mtambo mkuu unabadilishwa hapo hapo kwa kubonyeza nukta tatu pembeni ya jina na kuchagua Make default. Shuka chini kwenye Site search, bonyeza Add. Sehemu ya jina andika Serikali, sehemu ya mkato andika s, na sehemu ya anwani andika https://www.google.com/search?q=%s+site:go.tz, kisha hifadhi. Kuanzia hapo, ukiandika s kwenye upau wa anwani, ukabonyeza kitufe cha Tab na kuandika swali, majibu yote yatakuwa ya tovuti za serikali. Ile %s ndiyo nafasi ya swali lako, usiiguse.

Mambo ambayo kubadili mtambo hakuyafanyi

Kambini simu hushirikiwa, na kuna maswali ambayo mtu hataki mwenzake ayaone: ya afya, ya mapenzi, ya kutafuta kazi kwingine. Watu huweka DuckDuckGo wakidhani wamejificha. Mtambo hautakumbuka, sawa, lakini kivinjari kinakumbuka, na anayeshika simu baada yako atafungua History na kusoma. Tumia dirisha la faragha, lile Chrome inaloliita Incognito, au futa historia ukimaliza. Mtandao wa simu nao bado unaona jina la tovuti unayofungua, ingawa kwenye tovuti zenye https hauoni maneno uliyoandika ndani. Na kwenye kompyuta ya steshenari, toka kwenye akaunti yako ya barua pepe kabla hujainuka. Mtambo wa kutafuta hauhusiki hapo hata kidogo, lakini ndipo wengi wanapoumia.

Baada ya siku chache angalia tena mipangilio yako. Ukipata masasisho ya Windows, Edge hupenda kukuletea kioo kinachokushauri utumie mipangilio inayopendekezwa na Microsoft. Ukikubali haraka haraka, Bing inarudi. Kwenye Edge njia fupi ni kufungua Settings, kuandika address bar kwenye kisanduku cha kutafutia mipangilio, na kuchagua mtambo wako upya palipoandikwa Address bar and search. Kioo kile kikija mara nyingine, soma vitufe vyote viwili kabla ya kubonyeza. Cha kukataa huwa kimeandikwa kwa rangi hafifu.